Kupandikiza Jino kwa Mkono, kwa Kigezo au kwa Kamera: Ulinganisho kwa Mkazi wa Mombasa

Karatasi mbili za makadirio ya gharama zilikaa juu ya meza yangu kwa wiki tatu, zote zikihusu pengo moja: gego la kwanza la chini, upande wa kulia, nililong'oa miaka sita iliyopita. Moja ilitoka kliniki ya upande wa Nyali, na ndani yake mlikuwa na mstari uliosomeka «upasuaji wa kuongozwa na kompyuta», wenye bei yake peke yake. Nyingine ilitoka kwa daktari aliye katikati ya kisiwa, ambaye amekuwa akipandikiza meno kwa miaka mingi, nayo haikuwa na mstari huo. Nilipouliza upande wa kwanza kwa nini nilipe zaidi, nilijibiwa kwamba mashine haikosei. Nilipouliza upande wa pili kwa nini hawaitumii, nilijibiwa kwamba mkono uliozoea hauhitaji kuelekezwa. Majibu yote mawili yalikuwa mafupi mno kwa jambo la kutobolewa mfupa, na maelezo yafuatayo ni yale niliyoyakusanya baadaye, nikisoma na kuwauliza wanaoifanya kazi yenyewe.

Kwanza tutenge lile lisilobadilika. Kipandikizi ni skrubu ndogo, kwa kawaida ya titani, inayoingizwa katika mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi huvishwa taji, ambalo ndilo jino linaloonekana mtu akicheka. Kinachoishikilia skrubu hiyo ni mfupa wenyewe kuikulia na kugandana nayo. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alilitambua jambo hilo mwaka wa 1952, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani ambavyo baadaye vilikataa kung'oka, na mwaka wa 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Hapo kompyuta haina la kuongeza. Mfupa huhitaji kwa kawaida miezi mitatu hadi sita ili kushikamana na titani, liwe shimo lilitobolewa kwa kigezo (kifuniko cha meno chenye tundu la kuielekeza drili) au kwa jicho, na tafiti zilizozilinganisha njia hizi hazijaonyesha tofauti kubwa katika idadi ya vipandikizi vinavyodumu. Tofauti iko katika mahali skrubu inapoishia: kina chake, mwinamo wake, na umbali wake na vile visivyopaswa kuguswa.

Skani ni jambo moja, kuongozwa ni jambo jingine

Neno «kompyuta» katika matangazo ya kliniki hufunika mambo mawili ambayo mgonjwa anapaswa kuyatenganisha, kwa sababu bei zake si sawa na manufaa yake si sawa. La kwanza ni kupanga: kuupiga mfupa picha ya pande zote na kuamua katika skrini mahali skrubu itakapokaa. La pili ni kuuongoza mkono wa daktari siku ya upasuaji ili uufuate mpango huo. Unaweza kupata la kwanza bila la pili, na kwa maoni yangu la kwanza ndilo lisilofaa kukosekana.

Eksirei ya kawaida ya meno ni bapa. Huonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi upana wake, na ile ya taya zima hukuza picha kwa kiasi kisicho sawa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Skani ya koni, ambayo madaktari huiita CBCT, ilianza kutumika katika meno mwishoni mwa miaka ya 1990, na yenyewe huonyesha mfupa vipande kwa vipande, kama mtu anayekata mkate ili aone ndani. Mionzi yake huzidi ile ya eksirei ndogo ya jino moja, ingawa kwa kawaida ni michache kuliko ya skani kubwa ya hospitali. Katika picha hizo daktari huiona neva inayopita ndani ya taya la chini, ambayo ikijeruhiwa mdomo na kidevu huweza kubaki na ganzi kwa muda mrefu au kwa maisha. Huuona pia uvungu wa sinasi, yaani nafasi ya hewa iliyo ndani ya mfupa juu ya magego ya juu, na huona kama mfupa umekonda baada ya miaka ya kukaa bila jino. Mfupa usio na jino la kubeba hupungua, na pengo la miaka sita kama langu si pengo la miezi sita.

Kupanga vizuri huanza na jino na kurudi nyuma hadi mfupani. Kwanza huwekwa taji katika skrini, mahali litakapoumana na jino la upande wa pili. Kisha skrubu hutafutiwa nafasi chini ya taji hilo. Vipimo vinavyozingatiwa si siri: angalau milimita 2 kati ya ncha ya skrubu na neva, milimita 1.5 kati ya skrubu na jino la jirani, na milimita 3 kati ya skrubu mbili. Mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa vipimo hivyo katika skrini kabla ya kutia sahihi popote.

Kwa jicho na mkono

Njia hii ndiyo ya zamani, na ndiyo ingali ikitumika sana duniani. Daktari hutia ganzi, hukata ufizi na kuufunua, huuona mfupa kwa macho yake, kisha hutoboa kwa drili za unene unaoongezeka taratibu huku akijipima kwa meno ya jirani. Akikuta mfupa ni laini kuliko alivyotarajia, au umeliwa upande mmoja, hubadilisha mwelekeo palepale bila kuomba ruhusa kwa kifaa chochote. Maji ya kupoza huifikia ncha ya drili bila kizuizi, jambo ambalo si dogo: majaribio yaliyofanywa kwa sungura na kuchapishwa mwaka wa 1983 yalionyesha kwamba mfupa huanza kuharibika ukifikia nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu. Gharama yake ni ndogo, na hakuna kungoja maabara.

Udhaifu wake ni kwamba ustadi wote umo katika mkono mmoja, siku moja, ndani ya mdomo uliojaa mate na wenye nafasi finyu. Mtu huinamisha drili pasipo kujua, hasa nyuma ya mdomo, ambako shavu husukuma mkono. Kosa la digrii chache mwanzoni mwa shimo huweza kufikia karibu milimita moja mwishoni mwake, na skrubu iliyoinama hulazimisha taji kuinama pia, au hulifanya lishikwe kwa njia isiyosafishika vizuri. Vilevile ufizi uliofunuliwa hushonwa, huvimba na huuma kwa siku kadhaa.

Kwa kigezo

Mafundi wa milango ya Mji wa Kale hawachongi ua juu ya mbao kwa kukisia; huchora kwanza, kisha patasi hufuata mchoro. Kigezo cha upasuaji ni mchoro wa namna hiyo, ila umetengenezwa kwa resini ngumu na kuvishwa juu ya meno. Baada ya skani ya mfupa, meno na ufizi navyo huchukuliwa umbo, ama kwa kamera ndogo ya mdomoni ama kwa kuuma udongo wa vipimo kama zamani. Programu huzilaza picha hizo mbili moja juu ya nyingine, mpango huchorwa, na kigezo huchapwa kwa printa ya pande tatu. Ndani yake mna tundu, mara nyingi lenye pete ya chuma, ambalo drili haiwezi kupita isipokuwa kwa mwinamo uliopangwa, wala kuzama isipokuwa hadi kina kilichopangwa.

Usahihi wake umepimwa sana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2018, yaliyohusu vipandikizi zaidi ya 2,000, yalipata kwamba skrubu zilizowekwa kwa kigezo zilitofautiana na mpango kwa wastani wa milimita 1.2 kwenye mdomo wa shimo, milimita 1.4 kwenye ncha, na digrii 3.5 za mwinamo. Ni kosa dogo kuliko lile la mkono peke yake, kama tafiti za kulinganisha zinavyoonyesha mara kwa mara, lakini si sifuri. Aliyeniambia kwamba mashine haikosei angefaa kuulizwa zile milimita 2 za usalama juu ya neva ni za nini, ikiwa si kwa sababu ya kosa hilo hilo.

Tena, makosa ya kigezo yana tabia moja mbaya: hujilimbikiza kimya kimya. Mgonjwa akitikisika wakati wa skani, taji za zamani za chuma zikitia ukungu kwenye picha, umbo la meno likichukuliwa vibaya, resini ikipinda kwa joto, kila kosa huingia katika tundu lile lile, na siku ya upasuaji tundu huelekeza mkono penye kosa kwa uthabiti ule ule ambao lingeuelekeza penye usahihi. Kwa hiyo daktari makini hukivisha kigezo mdomoni kabla ya kutia ganzi na kuangalia kupitia madirisha madogo yaliyoachwa kwa kusudi hilo kama kimekaa sawasawa juu ya meno. Kigezo kinachochezacheza hutupwa. Ukimwona daktari akikibonyeza kwa nguvu ili kiingie, mwambie asite.

Kinachokishikilia kigezo nacho kina uzito katika uamuzi. Kilichoegemea meno yaliyosalia pande zote mbili za pengo hutulia kuliko kilichoegemea ufizi mtupu, kwa maana ufizi hubonyea. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwani hudhani kwamba asiye na jino hata moja ndiye anayefaidika zaidi na kigezo, ilhali kwake kigezo hukosa pa kujishikiza na mara nyingi hulazimika kufungwa kwa pini ndogo kwenye mfupa.

Yapo na mambo ya mwili. Drili za kigezo ni ndefu, kwa sababu lazima zipite katika unene wa kigezo chenyewe kabla ya kuufikia mfupa. Mtu asiyeweza kufungua mdomo sana, au mwenye pengo kwenye gego la mwisho, huenda akashindwa kabisa kuwekewa kwa njia hii. Kigezo pia huzuia maji ya kupoza yasifike vizuri, hivyo daktari hupaswa kutoboa kwa vituo na kuiinua drili mara kwa mara. Kwa upande wa faraja, mfupa ukiwa mpana na ufizi ukiwa imara, kigezo huruhusu kutoboa kupitia tundu dogo la ufizi bila kuufunua, na hapo uvimbe na maumivu hupungua kwa kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe huhisi. Upasuaji huwa mfupi, ingawa muda uliookolewa kwenye kiti ulikwisha kutumika mbele ya skrini.

Kati ya njia hizi mbili kuna ya tatu, ambayo wauzaji hawaitaji sana labda kwa kuwa bei yake haivutii: kigezo cha drili ya kwanza peke yake. Shimo jembamba la mwanzo hutobolewa kwa kuongozwa, ndipo kigezo huondolewa na daktari huendelea kwa mkono huku maji yakifika na mfupa ukionekana. Usahihi wake uko katikati, na gharama yake pia.

Kwa kamera

Njia ya kamera haitumii tundu. Alama maalumu hufungwa kwenye taya la mgonjwa na kwenye mpini wa drili, kamera zilizo juu ya kiti huzifuatilia alama hizo, na skrini humwonyesha daktari papo kwa papo ncha ya drili ilipo ndani ya skani. Usahihi wake kwa jumla hukaribiana na ule wa kigezo.

Tofauti yake na kigezo ni kama tofauti ya treni ya Miritini na rubani wa bandari ya Kilindini. Treni hufuata reli, na reli ikiwekwa vibaya treni huenda vibaya. Rubani huiongoza meli katika mlango wa bahari akitazama, na huweza kugeuza akiona haja. Kwa kamera, daktari akigundua jambo jipya hubadilisha mpango papo hapo, maji hupita, na mdomo mdogo si kikwazo kikubwa. Ila lazima ajizoeze kutazama skrini huku mikono yake ikifanya kazi mahali asipopatazama, na mazoezi hayo huchukua muda. Mashine yenyewe ni ghali, na gharama hiyo humrudia mgonjwa. Alama ya kwenye taya ikisogea bila mtu kugundua, skrini nzima husema uongo, ndiyo sababu daktari huigusisha ncha ya drili kwenye jino linalojulikana kila baada ya hatua ili kuhakikisha. Mombasa sina budi kuongeza la stima: ikikatika, mota ya drili husimama kwa njia zote, lakini kigezo hubaki mdomoni kama kilivyo, ilhali kamera huhitaji kuwashwa na kuhakikiwa upya.

Roboti zipo pia. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya vipandikizi mwishoni mwa mwaka wa 2016. Kwa mtu anayechagua leo kati ya kliniki za mji huu, nadhani hilo si la kumchelewesha.

Pengo lako ni la aina gani

Pengo moja la nyuma, lenye meno pande zote mbili, mfupa mpana na neva iliyo mbali, halidai kigezo kamili. Mkono mzoefu uliosoma skani ya koni unatosha, na kigezo cha drili ya kwanza ni nyongeza ya busara. Neva ikiwa karibu, kwa mfano mfupa ukiacha milimita 2 au 3 tu chini ya skrubu fupi, hesabu hubadilika, nami nisingekubali kutobolewa bila kuongozwa.

Meno ya mbele ya juu ni habari nyingine kabisa. Mfupa wa hapo ni mwembamba kama ganda, na skrubu ikisogea milimita moja kuelekea mdomo wa nje, ufizi hupanda baadaye na kijivu cha chuma huonekana. Hapa ndipo fedha ya kigezo au ya kamera hutumika vizuri kuliko mahali pengine popote, hata kama neva haimo katika hesabu. Vivyo hivyo kwa anayewekewa skrubu kadhaa zitakazobeba daraja moja, yaani meno ya bandia yaliyounganishwa pamoja, kwa sababu zisipoelekea upande mmoja daraja halitaingia.

Mama mdogo wangu, anayeishi Likoni na ambaye hana jino hata moja chini, alishawishiwa achukue kifurushi kamili cha kompyuta. Shida yake ilikuwa meno ya bandia yanayoelea kila akitafuna. Wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, mwaka wa 2002 walipendekeza kwa watu kama yeye skrubu mbili tu mbele ya taya la chini, za kuyashikilia meno ya bandia kama vifungo vya shati. Skrubu hizo hukaa karibu na kidevu, mbele ya mahali neva inapotokea, penye mfupa ambao kwa kawaida ni imara. Daktari mzoefu huziweka kwa mkono bila wasiwasi mkubwa, na kigezo ambacho kingeegemea ufizi wake mtupu kisingempa usahihi aliouziwa. Mwishowe alikiacha kifurushi hicho, akabakiza fedha, na kuvuka kwa feri kukapungua mara mbili.

Yaliyo nje ya kompyuta

Kisukari kisichodhibitiwa, sigara, na dawa fulani za kuimarisha mifupa huweza kumharibia mgonjwa kipandikizi kilichowekwa kwa usahihi wa ajabu, na hayo yanapaswa kusemwa kwa daktari mwanzoni. Anayetafuna tambuu au muguka aseme pia, kwani mdomo usiopumzika na ufizi uliochokozwa kila siku si mahali pazuri pa kidonda kupona. Kwa anayefunga Ramadhani, siku za mwanzo baada ya upasuaji zina dawa za kumeza kwa saa na kusukutua mara kwa mara, kwa hiyo ni bora tarehe ipangwe kabla au baada ya mwezi huo.

Wapo wanaokwenda India kwa matibabu na kurudi na vipandikizi. Skrubu huwekwa safari moja na taji huvishwa miezi kadhaa baadaye, na taji likilegea miaka mitano baadaye, daktari wa hapa atahitaji kujua kampuni, aina na kipimo cha skrubu ili apate bisibisi inayoingia. Popote unapotibiwa, omba kadi yenye maelezo hayo na nakala ya skani yako. Kwa anayetibiwa hapa, jina la daktari linaweza kutafutwa katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, linalotoa leseni kila mwaka.

Karatasi ya makadirio nayo isomwe mstari kwa mstari: skani, kigezo, skrubu, kiunganishi, taji, na kuongezwa mfupa ikihitajika. Bei ya kuvutia mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Uliza pia nani atakayeuchora mpango, maana kliniki nyingine hutuma skani kwa fundi wa mbali na daktari hupokea kigezo kilichokamilika. Hilo si kosa, mradi yeye mwenyewe aupitie mpango na kuweza kukueleza kila kipimo.

Mimi nilirudi kwa daktari wa katikati ya kisiwa nikiwa na sharti moja, kwamba nipigwe skani ya koni kwanza. Alikubali bila kununa. Juu ya neva yangu palikuwa na mfupa wa milimita 14, nasi tukachagua skrubu ya milimita 10, akanitengenezea kigezo cha drili ya kwanza, na kabla ya kutia ganzi akakivisha mara mbili na kunipa kioo nitazame madirishani.